Ukoko wa Sufuria la Wakfu

Mwaka 1938, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki. Shida ilianzia hapo, wala haikubisha hodi. Alikuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni ya Tabora. Alirudi jioni moja na homa, akajifunika, basi. Ndugu zake walifika upesi kuliko mvua ya masika. Kabla hatujamaliza kulia baiskeli ilikuwa imeondoka, kitanda kimeondoka, na mbuzi nao wakaondoka wakikifuata kitanda. Mama akabaki na dada yangu mkubwa, na mimi, na mkeka mmoja uliochanika pembeni.

Nasema haya bila kuona aibu. Anayeona aibu kusema alikotoka bado hajafika. Shule nilisoma madarasa mawili tu, nikatolewa. Kusoma na kuandika vizuri nimejifunza ukubwani, kwa kichwa changu mwenyewe, kwa hiyo atakayeona nimekosea mahali alisahihishe kimya kimya aendelee.

Siku ya mazishi hatukuwa na chombo cha kupikia watu. Watu wa Tabora nawajua: kwenye msiba wanakuja wote, anayekujua na asiyekujua, na ni vizuri, lakini wanakuja na matumbo yao. Mama alikuwa na chungu chenye ufa. Alikaa kizingitini akikitazama kile chungu kana kwamba kingeweza kukua. Ndipo niliposikia mlio kutoka chini ya mtaa, mzito, kama kengele iliyofunikwa blanketi. Watu wakasema, "Linakuja."

Wanaume wawili walitokea na mti mabegani, na katikati ya mti sufuria la shaba limening'inia kwa mzegazega. Sijawahi kuona chombo kikubwa namna ile. Mbuzi mzima angelala humo na kujigeuza. Nyuma yake alitembea bibi kizee mfupi mwenye mwiko mkononi, na kila baada ya nyumba chache analigonga sufuria, ngaa, kisha anasema kwa sauti, "Linakwenda kwa mjane wa mchukuzi, nyie mashahidi." Watu wanaitikia milangoni, "Tumeona, Bibi."

Ndivyo alivyokuwa akifanya. Hakujua kuandika hata jina lake. Sufuria likitoka linagongwa, likirudi linagongwa, na mtaa mzima unajua lilipo. Hakuna aliyewahi kuliiba. Utakiibaje kitu kilichopiga kelele kwamba kiko kwako?

Alipofika kwetu mama aliinuka, akasema, "Shikamoo, Bibi. Mimi sina cha kulipa."

"Marahaba. Nani kakuuliza? Harusi inalipa, msiba haulipi. Kalete mawe matatu."

Watu walikula, wakaondoka. Jioni mama alilisugua lile sufuria kwa mchanga na majivu mpaka likawaka. Bibi alisimama pembeni yake akikagua kwa kidole, akanusa kidole, akasema, "Una mkono. Kuanzia kesho msuguaji wa masufuria ni wewe. Ujira nitakupa kidogo. Ukoko ni wako wote."

Kwa asiyejua, ukoko ni ule wali unaogandia chini ya sufuria, umeungua kidogo, una mafuta na ladha yote ya karamu. Tangu zamani ni haki ya anayesugua. Harusi ya watu wengi huacha ukoko wa kujaza ungo. Mama alikuwa akiukwangua, tunaula siku hiyo, na unaobaki anauanika juani, ukikauka unatiwa kwenye kikapu, na siku isiyo na kitu unalowekwa na maji ya moto. Mimi mifupa hii unayoiona nimeijenga kwa ukoko. Wapo wanaojivunia maziwa ya kwao. Haya, na mimi najivunia changu.

Sasa nieleze lile sufuria lilikuwa la nani, maana ndiyo hadithi yenyewe. Halikuwa la mtu.

Bibi alitoka Uzigua, upande wa pwani kule. Mama yake alikuwa mpishi wa msafara wa tajiri mmoja, na alikuwa mtu wa huyo tajiri kwa maana mnayoijua, sina haja ya kuipaka asali. Walikuja kwa miguu njia ile ya zamani ya misafara. Bibi alikuwa mtoto, miguu ikamshinda, na kwenye msafara aliyeshindwa na miguu alijulikana mwisho wake. Wapagazi wawili wa Kinyamwezi waliokuwa wamelibeba sufuria kubwa la jikoni wakamtia humo, wakamfunika na ungo, wakaendelea kutembea. Akaja hivyo mpaka Tabora. Alikuwa akisema, "Wenzangu wamezaliwa, mimi nimepikwa."

Tajiri alipozeeka na mambo yake kuharibika, akaondoka kurudi kwao. Hakuwa na cha kumlipa yule mpishi kwa miaka yote ile. Akamwachia sufuria. Mpishi akamwachia binti yake. Na binti, ambaye hakuzaa, akaenda kwa sheikh akasema hili ni wakfu. Yaani mali iliyofungwa kwa Mungu: haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Kinachotumika ni pato lake tu, kama mtu anayekamua ng'ombe bila kumchinja.

Wenye harusi walilikodi. Kodi ya kwanza, Bibi aliirudisha kwa sufuria lenyewe. Hili lilimshangaza mama sana. Sufuria la shaba lazima litiwe bati ndani, vinginevyo linaota kutu ya kijani na linadhuru watu. Kwa hiyo kila pato linapoingia, fundi wa bati anaitwa kwanza, kisha ndiyo wengine wanapewa. "Sufuria hula kabla ya wageni," Bibi alisema. "Likifa hili, wote mtalala njaa." Kodi ikazaa sufuria la pili, dogo kidogo. Hayo mawili yakazaa mikeka, mikeka ikazaa taa za karabai, na vyote vikakodishwa. Nilipokuwa binti vilikuwa vinasafiri kwa lori mpaka Nzega, mpaka Igunga huko kwa wafugaji, na vinarudi vikigongwa.

Na pato lilikwenda wapi? Wengi walidhani Bibi anagawa sadaka mlangoni. Hata siku moja. Ombaomba akija alimpa maji na kumwelekeza. "Mimi sifanyi wema," alisema, "sina muda. Mimi nawalisha wanaofanya."

Alikuwapo mzee aliyewaosha na kuwakafini maiti wasio na ndugu, wapita njia waliofia stesheni na barabarani. Huyo alipata nguo ya sanda. Alikuwapo bwana mmoja huko Nzega aliyejenga banda la vipofu. Alipata ya kuezeka. Na walikuwapo kina mama wa kanisa, jirani zetu, waliokuwa wakilea vichanga waliofiwa na mama zao. Hao walipata ya maziwa. Kila mwenye shughuli ya namna hiyo alikuja kwa Bibi baada ya msimu wa harusi. Na Bibi hakupenda maelezo. Mtu akianza, "Bibi, sisi tunahitaji," anamkatiza, "Nionyeshe, usinieleze." Anachukua fimbo anaondoka naye. Akifika anafunua vyungu. Anainama kutazama chini ya vitanda. Mara moja alimnusa mtoto kichwani mbele ya kina mama wa kanisa, akasema, "Ameogeshwa. Haya, watapata."

Walikuwapo walionung'unika kwamba sufuria la Waislamu linalisha kanisa. Mzee mmoja akamwambia hadharani. Bibi akamuuliza, "Kichanga akililia maziwa, huwa analia kwa dini gani?" Bibi akaongeza, maana hakujua kuacha mtu, "Wewe ulipokuwa unalia ulikuwa unasoma sura gani?"

Nimemtaja fundi wa bati. Huyo alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mrefu, mikono imejaa makovu ya moto. Baba yake alikuwa mmoja wa wale wapagazi wawili. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu siku za misafara, na hawa wawili utani wao haukuwa wa sikukuu, ulikuwa wa kila asubuhi. Anaingia uani na mivukuto yake anasema:

"Mzigua, bado hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani? Wewe? Ukiona mti tu bega linakuwasha."

"Baba yangu alikubeba kutoka kwenu huko kwenye mihogo mpaka hapa. Nauli hujalipa."

"Alinitikisa njia nzima. Ndiyo maana nimekuwa mfupi. Mimi ndiye wa kudai fidia!"

Kisha anakaa, anayeyusha bati lake, analisambaza ndani ya sufuria kwa pamba, na Bibi anamkaangia karanga kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyekaangiwa na Bibi. Mimi nilikuwa naliona hilo, nikalinyamazia.

Miaka ikaenda. Mama akachoka mgongo, mimi nikashika usuguaji, na Bibi akaanza kunifundisha kupika: kiasi cha maji kwa kupima na kiungo cha kidole, namna ya kuondoa moto chini na kuuweka juu, namna ya kujua wali umeiva kwa kusikiliza. Dada yangu akaolewa. Mimba ya kwanza ikamchukua. Mtoto alitoka mzima, wa kike, na dada hakutoka. Mumewe alikuwa amechukuliwa jeshini, maana vita vya Wazungu vilikuwa vimepamba moto. Kwetu hapakuwa na mwenye ziwa. Nikamfunga yule mtoto kwenye kanga ya mama yake nikampeleka kwa kina mama wa kanisa. Walimpokea bila kuuliza neno. Nilikuwa nakwenda kila siku kumwona akinywa maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Alikuwa na mdomo mdogo kama ncha ya kidole, na akishiba anakunja ngumi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwaka uliofuata mvua ikagoma.

Mahindi yalisimama yakageuka makaratasi. Watu wakaacha kuoana, nani ataoa na hana cha kuwapa wageni? Masufuria yakafunikwa kifudifudi uani, na kuku wakawa wanalala juu yake. Pato likakatika. Mzee wa sanda alikuja akarudi mikono mitupu. Kina mama wa kanisa nao walikuja, wakasema polepole kwamba mbuzi wamekauka, na maziwa ya kununua yamekuwa ghali, na watoto wameanza kupewa maji ya uji. Nilikuwa nimesimama pale. Jioni nilikwenda nikamwona mtoto wetu. Alikuwa hakunji tena ngumi.

Kwa wakati huo Bibi alikuwa anaumwa, hatoki kitandani, na wazee watatu wa mtaa walikuwa wakimsaidia kuangalia mambo ya wakfu. Mkubwa wao alikuwa muuza vitambaa, mtu mnene, mwema, mwenye kupenda kuonekana nadhifu. Huyo ndiye aliyeleta habari kwamba kuna mfanyabiashara amekuja na treni, ananunua shaba kuukuu, na kwa sababu ya vita shaba imepanda bei isivyopata kutokea. Sufuria kubwa peke yake lingenunua maziwa ya watoto wale mpaka mvua irudi, na sanda, na unga wa vipofu.

Mimi nilitaka liuzwe. Nasema wazi. Na mpaka leo sijioni mjinga kwa kutaka.

Nilikwenda kitandani kwa Bibi nikapiga magoti. "Bibi, liuze."

"Haliuzwi."

"Mtoto wa dada anakufa."

"Nimesikia. Nikiliuza, atakunywa yeye. Na wa mwakani atanyonya nini?"

"Wa mwakani simjui. Huyu namjua."

Nilidhani atanifukuza, maana alikuwa na ulimi. Badala yake alinishika mkono akaukagua, kiganja na vidole, kama alivyokagua wa mama siku ile. Akasema, "Na mimi nilikuwa wa mwakani. Wakati shaba hii inafuliwa hakuna aliyenijua." Akapumzika kidogo. "Lakini umesema kweli, huyu tunamjua. Sufuria halina kosa, mjukuu wangu. Limelala tu. Kamwite yule punda wa Kinyamwezi."

Nilimwita fundi. Alikaa naye peke yao mchana mzima. Sikusikia walichosema. Nilichosikia kutoka uani ni Bibi akicheka, kicheko chembamba cha mgonjwa, na fundi akisema, "Utakufa unadaiwa, Mzigua."

Bibi akafa alfajiri ya Ijumaa.

Wazee hawakuwa watu wabaya. Walikubaliana kwamba sufuria lipike matanga ya mwenyewe kwa mara ya mwisho, kisha mnunuzi alichukue. Mnunuzi alikuwa tayari mjini anasubiri. Watu wengi walileta, huyu kibaba cha mtama, yule mkono wa karanga, na mimi nikapika, nikalia, nikapika. Vipofu wa Nzega waliletwa kwa lori. Kina mama wa kanisa walikuja na vichanga mgongoni, wakakaa mkekani pamoja na wengine.

Watu walipomaliza kula, fundi akaingia.

Alikuwa amejipaka majivu usoni. Amevaa kanga ya Bibi, imemfika magotini kwa urefu wake, kichwani ushungi, mkononi mwiko. Anatembea mwendo wa Bibi kabisa, ule wa kuvuta mguu wa kushoto. Watoto wakapiga kelele, watu wazima wakaanza kuguna kicheko cha msiba, kile kinachotoka na machozi. Sheikh akageuza uso, lakini hakuondoka. Alijua hiyo ni haki ya mtani, na haikatazwi na mtu.

Fundi akaanza kukagua. Akafunua ungo wa mwanamke mmoja akanusa, "Hujaosha." Sauti ni ya Bibi. Akainama kutazama chini ya mkeka wa wazee. "Hapa chini pana nini? Mbona mmekalia kitu? Nionyesheni, msinieleze!" Wanawake wakavunjika mbavu. Akamfikia muuza vitambaa, akamgusa tumbo kwa mwiko.

"Wewe mwanangu, mwaka wa njaa huu, na hili umelikodi wapi?"

"Babu, tafadhali," muuza vitambaa akasema.

"Babu yako ni nani? Mimi ni Mzigua. Nimefika huko kwenye mchanga, wameniuliza, sufuria liko wapi? Nimesema liko kwa watu wangu. Wameniuliza, watu gani? Nijibu nini?"

Kicheko kikapungua.

Hakungoja jibu. Akaenda mekoni, sufuria bado lina joto, akaingia ndani. Yule mzee mrefu alikunja magoti mpaka masikioni akakaa humo na kanga yake, akaligonga kwa mwiko kutoka ndani. Ngaa. "Nimelipora! Mtani nimelipora, nyie mashahidi!"

"Tumeona," watu wakaitikia. Walishazoea; midomo ilijibu yenyewe.

Hapo kila mtu pale alijua mambo yamebadilika. Alichopora mtani msibani hakichukuliwi kwa nguvu, hakinunuliwi na mwingine, hakiguswi mpaka kikombolewe kwa anachotaka yeye. Ukikichukua hivi hivi, msiba haujaisha, na marehemu hajaagwa. Mnunuzi alikuwa amesimama nje ya ua na mkokoteni wake. Alikuwa mgeni, lakini mtu mmoja alimweleza, nikamwona anakuna kichwa.

Muuza vitambaa akajisogeza. "Haya, mtani. Unataka nini tulikomboe? Jogoo? Shuka?"

"Sitaki jogoo. Nataka nauli. Baba yangu alimbeba huyu bibi kutoka mbali, hakulipwa. Leo nalipwa." Akanyoosha mwiko kumwelekea. "Wewe shika mti upande huu. Mimi nitashika ule. Tutalibeba sufuria mpaka kambi ya manamba, tuliweke mekoni kwao, na huyu binti apike. Hiyo ndiyo nauli. Tukirudi tumekombolewa."

Nieleze. Wakati ule manamba, vijana wanaochukuliwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, walikuwa wakikusanywa Tabora kutoka pande zote kabla ya kupandishwa treni. Walipita njia ile ile ya wapagazi wa zamani, na wengi walikuja wakiwa wamechoka kama wapagazi. Kambi ilikuwa na unga, ilikuwa na maharage. Haikuwa na chombo. Walikuwa wakipikia kwenye madebe ya mafuta ya taa, uji unaungua chini, unanuka, vijana wanaharisha. Fundi ndiye aliyekuwa akiziba yale madebe yakitoboka, kwa hiyo alijua. Alikuwa ameshazungumza na nyapara wa kambi. Kodi ingelipwa kwa unga na maharage, sehemu ya kila wiki.

Muuza vitambaa alitazama kanzu yake nyeupe, akatazama mti. Nilikuwa namtazama kwa macho ya kumwomba, na nadhani aliniona. Akakunja kanzu akaifunga kiunoni.

"Toka humo basi," akasema, "au unataka nikubebe nawe?"

"Baba yangu alibeba mtu humo na hakuuliza!"

Walitoka uani, mmoja mnene mmoja mrefu, sufuria linayumba katikati, fundi bado na ushungi kichwani. Mwiko alinipa mimi. Nikatembea nyuma na kuligonga. Sauti haikutoka vizuri mwanzoni. Kisha ikatoka. "Linakwenda kwa manamba, nyie mashahidi." Milango ikaitikia.

Nyapara wa kambi aliniangalia akasema, "Huyu binti ndiye mpishi? Upepo ukija hautambeba?" Nikamwambia anitafutie kuni aache mdomo. Jioni ile vijana walikula uji usionuka. Mmoja, hata ndevu hazijaota, alikuja akashika ukingo wa sufuria akasema kwa Kinyamwezi kwamba kwao Igunga lipo kama hili, lilikuja kwenye harusi ya kaka yake. Nikamwambia si kama hili. Ni hili.

Unga wa kwanza tuliopata, fundi alichukua sehemu yake ya bati kabla ya mtu yeyote, kama kanuni ilivyo, na hakuna aliyenung'unika. Uliobaki muuza vitambaa alipanda nao lori mwenyewe mpaka kwa wafugaji, akabadilisha kwa mbuzi wenye maziwa. Alirudi ana vumbi mpaka kope. Mbuzi wakaenda moja kwa moja kwa kina mama wa kanisa.

Nilikaa pale nikamtazama mtoto wetu anapewa. Mara ya kwanza yalimtoka puani. Mama wa kanisa akasema, "Taratibu, mama, hakuna anayekufukuza." Akapewa tena. Ilichukua muda. Jua likasogea kutoka mlangoni mpaka ukutani. Kisha nikaona kidole kimoja kinajikunja, na kingine, mpaka ngumi ikafunga. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukingo wa paa nikalia kama mjinga, na mama mmoja akaja akakaa karibu yangu akimenya karanga, ananipa moja moja.

Sufuria lilipika kambini mpaka mvua zikarudi na harusi zikarudi. Mimi sikurudi kusugua tu. Watu walishajua kuna binti anayeweza kupikia umati, wakaanza kuniita, mimi na sufuria pamoja. Nimepika harusi za matajiri na za makuli, za msikitini na za kanisani. Kodi ya sufuria nilikuwa nalipa kama mtu mwingine yeyote, hata siku nilipopika harusi yangu mwenyewe. Mume wangu alisema, "Lakini wewe si wa nyumbani?" Nikamwambia harusi inalipa. Akalipa.

Fundi wa bati alifuata mtani wake miaka michache baadaye. Siku ya mazishi yake Wazigua wachache waliokuwapo Tabora walikuja kumzomea kama inavyotakiwa, na mimi, ambaye si Mzigua, nilikaanga karanga nikaziweka kaburini kwake.

Yule mtoto alikua. Ndiye mshika mwiko sasa, yaani yeye ndiye anayelitoa sufuria na kulirudisha, na kukagua kwa wanaolea na wanaozika. Ni mkali kuliko Bibi. Juzi alimnusa mtoto wa watu mbele ya mama yake, nikamwambia angalau usikunje uso.

Niorodheshe nilicho nacho, maana watu wanauliza yule mwanamke wa ukoko amepata nini.

Nina nyumba mtaa wa Chemchem hapa Tabora, vyumba sita, bati juu, choo chake. Nina kisima uani. Nina shamba la mpunga upande wa Igunga na majembe ya ng'ombe. Nina ng'ombe, idadi yao ni siri yangu na Mungu. Nina kitanda cha mninga ambacho hakuna ndugu atakayekitoa mlangoni nikiwa hai. Nina baiskeli, siiendeshi, imekaa tu ukumbini niione. Nina redio. Nina masufuria ya aluminiamu ya kukodisha, yangu mwenyewe. Nina watoto waliosoma na wajukuu wanaonisahihisha maandishi.

Sufuria la shaba si langu, silihesabu. Ila likirudi kutoka harusini bado nalisugua kwa mkono wangu, magoti yakiruhusu, na ukoko wake ni wangu wote.